Satyagraha na Kasoro ya Jina: Gandhi na Waliovutiwa Naye Barani Afrika

Utangulizi

Mwishoni mwa mwaka 1907 gazeti la Indian Opinion, lililokuwa likichapishwa Phoenix, karibu na Durban, liliwatangazia wasomaji wake shindano dogo. Mohandas Karamchand Gandhi, wakili aliyekuwa akiwaongoza Wahindi wa Transvaal katika kukataa sheria ya kuandikishwa kwa alama za vidole, alikuwa anatafuta jina jipya la mapambano yao. Jina lililokuwa likitumika lilikuwa la Kiingereza, passive resistance, nalo lilimkera kwa sababu mbili. Kwanza, aliona ni aibu kwa watu wanaodai heshima yao kuyaita mapambano yao wenyewe kwa lugha ya mtawala. Pili, jina hilo liliashiria unyonge: kwamba mtu anapinga kwa kukaa tu kwa sababu hana silaha, na siku akiipata ataitumia. Jamaa yake, Maganlal Gandhi, alipendekeza neno sadagraha, yaani uthabiti katika jambo jema. Gandhi alilipenda lakini halikumtosheleza, akaligeuza kuwa satyagraha. Satya ni kweli. Agraha ni kulishikilia jambo kwa nguvu bila kuliachia.

Kisa hiki ni maarufu miongoni mwa wanahistoria, lakini kinastahili kuwashughulisha wataalamu wa lugha pia. Hapa ni kiongozi ambaye, kabla harakati yake haijafikisha miaka miwili, alisimama kushughulikia msamiati. Aliona kwamba watu hawawezi kudumu katika jambo ambalo jina lake linawadharau. Ukilinganisha uangalifu huo na jinsi Kiswahili kilivyomtafsiri Gandhi mwenyewe, tofauti ni kubwa. Maneno yanayosikika mara nyingi anapotajwa ni haya: bila kutumia nguvu, pasipo ghasia, bila kumwaga damu, upinzani baridi. Yote yanaeleza kisichokuwapo. Hakuna hata moja linaloeleza kilichokuwapo.

Makala haya yanadai kwamba kasoro hiyo si ya mtindo tu. Msemaji wa Kiswahili anayevutiwa na Gandhi kupitia majina hayo huvutiwa na upole wake, ilhali waliomfuata barani Afrika kwa manufaa walivutiwa na jambo jingine: kazi, nidhamu na utayari wa kulipa gharama. Nao, kama itakavyoonekana, karibu wote walianza kwa kubadilisha jina.

Majina ya kukanusha

Katika maneno yaliyotajwa, lenye mizizi mirefu zaidi katika siasa za Tanzania ni bila kumwaga damu. Husemwa kila mwaka ifikapo tarehe 9 Desemba, na husemwa kwa fahari inayoeleweka. Hata hivyo, lina matatizo mawili. La kwanza ni la kihistoria: damu ilimwagika, na kwa wingi wa kutisha, katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na Julius Nyerere mwenyewe aliikumbusha dunia vita hivyo alipozungumza mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956. La pili ni la kisarufi, nalo ndilo linalohusika hapa. Sentensi isemayo kwamba uhuru ulipatikana bila kumwaga damu haina mtenda. Uhuru unapatikana, kama mvua inavyonyesha. Aliyetembea vijiji kwa vijiji kuuza kadi za TANU baada ya chama kuundwa tarehe 7 Julai 1954, mwanamke aliyeacha shughuli zake kumfuata Bibi Titi Mohamed mikutanoni, karani aliyehatarisha ajira ya serikali kwa kuwa mwanachama wa siri, wote hao hawamo ndani ya sentensi hiyo. Kilichomo ni damu ambayo haikumwagika.

Tazama sasa safari ya chumvi, tukio linalojulikana kuliko yote katika maisha ya Gandhi. Kwa maelezo ya kawaida ya vitabu vya shule, Gandhi alitembea kwa amani hadi baharini akaokota chumvi. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayaelezi chochote. Tarehe 2 Machi 1930 alimwandikia Lord Irwin, mwakilishi wa Mfalme nchini India, barua ya kumweleza kinaganaga kwa nini atavunja sheria. Kodi ya chumvi ilichaguliwa kwa hesabu: ilimgusa maskini kuliko tajiri, ilimgusa Mwislamu sawa na Mhindu, na kila mtu mwenye mikono aliweza kuivunja. Wenzake 78 walioondoka naye Sabarmati tarehe 12 Machi walichaguliwa mmoja mmoja. Walipangiwa kusali, kusokota uzi na kuandika shajara kila siku. Walitembea takriban kilomita 385, wakafika Dandi tarehe 5 Aprili, na asubuhi iliyofuata sheria ikavunjwa. Kabla ya mwaka kwisha, watu zaidi ya 60,000 walikuwa wametiwa gerezani.

Na chumvi ya Dandi ilikuwa mwanzo tu. Tarehe 21 Mei 1930, Gandhi akiwa tayari kifungoni, wafuasi wake waliikaribia ghala ya chumvi ya Dharasana safu kwa safu. Askari waliwapiga kwa marungu yenye ncha za chuma. Safu moja ilipoanguka, nyingine ilisogea mbele, na mwandishi wa habari Mmarekani Webb Miller, aliyeshuhudia, aliripoti kwamba hakuna hata mmoja aliyeinua mkono kujikinga. Mtu anayeyaita hayo upinzani baridi hajaelewa neno baridi.

Miaka minane kabla yake, mnamo Februari 1922, umati katika kijiji cha Chauri Chaura ulikichoma moto kituo cha polisi na askari 22 wakafa. Gandhi aliisimamisha harakati ya nchi nzima. Viongozi wenzake waliokuwa kifungoni, Jawaharlal Nehru akiwamo, walifadhaika na kukasirika. Inawezekana walikuwa na haki ya kukasirika. Harakati iliyokuwa ikikaribia kilele ilizimwa kwa kosa la kijiji kimoja. Lakini uamuzi huo unaonyesha kwamba kwa Gandhi kutodhuru hakukuwa hali ya kawaida ya watu wapole. Ilikuwa kazi ngumu ambayo watu walipaswa kufunzwa, na mwalimu alipoona wanafunzi hawajaiva, aliifunga shule. Ndiye huyo huyo aliyeandika mwaka 1920 kwamba kama hakuna budi kuchagua kati ya woga na matumizi ya nguvu, angeshauri nguvu. Kiongozi wa namna hiyo hawezi kuelezwa kwa bila.

Jambo la kushangaza ni kwamba Kiswahili kilifaulu vizuri sana katika neno jingine la Gandhi. Neno swaraj, ambalo ndilo msingi wa kitabu chake kidogo cha 1909, Hind Swaraj, lina maana mbili zilizoshikana: watu kujiongoza badala ya kuongozwa na mgeni, na mtu kuitawala nafsi yake. Kiswahili kina kujitawala, lenye maana hizo zote mbili bila kunyooshwa. Nchi hujitawala, mwenye hasira naye huambiwa ajitawale. Kiingereza hakina neno moja jepesi la namna hiyo. Tatizo, basi, si umaskini wa lugha.

Waliovutiwa na walichobadilisha

Kwame Nkrumah alikiri katika tawasifu yake kwamba mwanzoni hakuamini njia ya Gandhi ingeweza kuondoa ukoloni. Alikuja kuikubali baada ya kuisoma kwa muda mrefu. Alipoipeleka Ghana, ambayo wakati huo iliitwa Gold Coast, hakuibeba na jina lake la Kiingereza. Mwaka 1949 aliandika kijitabu kueleza alichokiita Positive Action, na tarehe 8 Januari 1950 kampeni hiyo ikaanza kwa mgomo na kususia bidhaa. Alikamatwa, akafungwa, na Februari 1951 chama chake kilishinda uchaguzi yeye akiwa gerezani. Mtu anaweza kubishana kuhusu kiasi ambacho kampeni ya Nkrumah ilifanana na ya Gandhi. Lililo wazi ni kwamba aliiona kasoro ile ile iliyoonwa Transvaal mwaka 1907, akaliondoa neno la kukaa tu na kuweka mahali pake neno la kutenda.

Afrika Kusini ilikuwa na njia yake. Kampeni iliyoanza tarehe 26 Juni 1952 dhidi ya sheria za ubaguzi iliitwa kampeni ya ukaidi, yaani kukataa kutii waziwazi, na zaidi ya watu 8,000 walijipeleka kukamatwa. Albert Luthuli, chifu wa Groutville katika Natal, aliambiwa na serikali achague kati ya uchifu na chama cha ANC. Alikataa kuacha chama, akavuliwa uchifu, na tamko alilolitoa halikumtaja Gandhi kama chanzo chake. Lilizungumza kwa lugha ya msalaba. Luthuli alikuwa Mkristo wa dhati, na alichokichukua kwa Gandhi alikitia katika imani aliyokuwa nayo tayari. Hivyo ndivyo mtu mzima anavyovutiwa na mtu mwingine.

Katika kampeni hiyo hiyo palikuwa na mjadala ambao wanafunzi wa leo wangefaidika kuufuatilia. Manilal Gandhi, mwana wa Mahatma aliyebaki Phoenix akilihariri Indian Opinion, alisisitiza kwamba njia ya baba yake ni kanuni ya maadili isiyobadilika. Nelson Mandela alishikilia kwamba ni mbinu, ya kutumiwa maadamu inafaa. Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwaua watu 69 huko Sharpeville, chama kikapigwa marufuku, na tarehe 16 Desemba 1961, siku chache tu baada ya Luthuli kupokea Tuzo ya Nobel ya Amani mjini Oslo, Umkhonto we Sizwe ilitangaza kuzaliwa kwake kwa milipuko. Mara nyingi tukio hilo husimuliwa kama ushahidi kwamba Gandhi alishindwa Afrika. Huo ni usomaji wa haraka mno. Waliochukua silaha mwaka 1961 walikuwa wamekwisha kujifunza, kwa karibu miaka kumi ya kufungwa pamoja, kuwa na nidhamu, kukaa kwa hesabu na kuepuka kuua raia. Hujuma zao za mwanzo zilipangwa zisiue watu.

Kenneth Kaunda, aliyemsoma Gandhi kwa bidii kuliko viongozi wengi wa kizazi chake, alipata shida ya aina nyingine. Kampeni ya Cha-cha-cha ya mwaka 1961 ilipoenea mikoani, vitambulisho vilichomwa, na madaraja na barabara vilevile viliharibiwa, jambo ambalo kiongozi wake asingelichagua. Mwaka 1980 alichapisha kitabu juu ya suala hilo, akieleza jinsi jirani wa Rhodesia na Msumbiji alivyolazimika kukubali kile alichokuwa amekikataa. Ni kitabu cha mtu aliyesumbuka, na usumbufu wake unafundisha zaidi kuliko uhakika wa wengi.

Mwaka 1958 ndio uliokuwa njia panda. Septemba, wajumbe wa vyama vya ukombozi vya Afrika ya Mashariki na ya Kati walikutana Mwanza, wakaunda umoja wao wa PAFMECA na kujifunga kwa njia isiyotumia silaha. Desemba, mkutano wa watu wa Afrika nzima ulifanyika Accra chini ya uenyekiti wa Tom Mboya, na hapo wajumbe wa Algeria, Frantz Fanon akiwa miongoni mwao, waliuliza swali ambalo Mwanza halikuulizwa kwa ukali huo: nchi ambayo tayari iko vitani ifanye nini? Azimio la Accra lilizikubali njia zote mbili. Mwaka 1962 kikundi cha kimataifa cha wafuasi wa Gandhi kilipiga kambi Dar es Salaam, kikaandaa maandamano ya kuvuka mpaka kuingia Rhodesia ya Kaskazini ili kumuunga mkono Kaunda. Maandamano hayo hayakufanyika. Uchaguzi uliwahi kabla yake. Mwaka uliofuata jiji hilo hilo likawa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika.

Mahakama tatu

Pengine hakuna mahali panapoonyesha tofauti kati ya kumwiga Gandhi na kuvutiwa naye kama mahakamani.

Mahakama ya kwanza ni ya Ahmedabad, Machi 1922. Gandhi ameshtakiwa kwa maandishi ya uchochezi. Anakiri kosa. Anamwambia Jaji Broomfield kwamba kama anaiamini sheria anayoisimamia, basi ampe adhabu kali kuliko zote, na kama haiamini, ajiuzulu. Jaji, kwa adabu inayojulikana katika kumbukumbu za kesi hiyo, anampa miaka sita. Mantiki ya Gandhi iko wazi: anayevunja sheria dhalimu waziwazi hana cha kujitetea, kwani kujitetea ni kuikubali mizani ya anayemhukumu. Gereza ni sehemu ya hoja yake.

Mahakama ya pili ni ya kubuniwa. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kufundisha elimu ya sheria. Karama naye hainui mkono. Silaha yake ni maneno, na kwa siku sita anawasimulia wakuu wa nchi habari za wajumbe waliotumwa na kurudi na mema, wakalipwa vifungo. Wasomaji wengi wameiona Kusadikika kuwa fumbo la ukoloni, na kuna ushawishi wa kumweka Karama karibu na Gandhi. Ukaribu upo, lakini hauendi mbali. Karama anajitetea. Anaamini kwamba mahakama, ikisikia kweli, itageuka. Na katika riwaya, inageuka. Gandhi hakuitarajia mahakama igeuke kwa kusikia. Alitarajia igeuke kwa kuona mtu akiumia bila kuchukia. Karama anaisema kweli. Gandhi anaishikilia na kuilipia. Tofauti hiyo ya vitenzi ndiyo tofauti kati ya hekima ya kale ya mashauri, ambayo fasihi ya Kiswahili imejaa, na jambo jipya lililoanza Johannesburg katika mkutano wa tarehe 11 Septemba 1906.

Mahakama ya tatu ni ya Dar es Salaam, Julai na Agosti 1958. Nyerere ameshtakiwa kwa makala katika Sauti ya TANU yaliyowatuhumu wakuu wa wilaya. Anatetewa na D. N. Pritt, wakili mashuhuri aliyetoka Uingereza. Anapatikana na hatia na kupewa hiari: faini au kifungo cha miezi sita. Ulikuwa wakati ambao mfuasi halisi wa Gandhi angekwenda gerezani huku umati ukimsindikiza, na wapo waliotaka iwe hivyo. Nyerere alilipa faini.

Je, hapo alimwacha Gandhi? Jibu la haraka ni ndiyo, na lina nusu ya ukweli. Lakini uchaguzi wa kwanza ulikuwa unakuja Septemba, gavana mpya, Richard Turnbull, alikuwa ndiyo kwanza amewasili, na mkutano wa TANU wa Tabora, mnamo Januari, ulikuwa umekubali kwa shida kubwa kushiriki katika kura tatu, ile iliyomtaka kila mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Chama kilikuwa kimegawanyika kwa ajili ya uamuzi huo. Kiongozi aliye gerezani mwezi huo angekuwa shujaa, na chama kingeweza kumponyoka. Nyerere aliutazama wakati kama Gandhi alivyoitazama chumvi. Alichokichukua ni uwezo wa kupima lipi litende kazi na lini; alichokiacha ni gereza. Mwenye kuiga angefanya kinyume: angechukua gereza na kuacha upimaji. Wengi waliojaribu njia ya Gandhi duniani wameshindwa kwa kosa hilo hilo, la kuchukua kile kinachoonekana.

Suala la Legon

Mtu anayeandika leo juu ya Waafrika waliovutiwa na Gandhi hawezi kulikwepa suala la sanamu. Juni 2016 Rais wa India alizindua sanamu ya Gandhi katika Chuo Kikuu cha Ghana, Legon. Miezi michache baadaye wahadhiri walitia sahihi maombi ya kutaka iondolewe, wakitaja maandishi yake mwenyewe, na Desemba 2018 iliondolewa.

Wahadhiri hao hawakuzua jambo. Gandhi wa miaka ya 1890 na mwanzoni mwa karne ya 20 aliwataja Waafrika kwa neno la matusi lililotumiwa na makaburu na walowezi, na alidai Wahindi wasiwekwe katika kundi moja nao. Ushindi mmoja wa mapema wa harakati yake huko Durban ulikuwa kupata mlango wa tatu katika posta, ili Wahindi wasiingilie mlango wa Waafrika. Mwaka 1906, Bambatha alipoinuka dhidi ya kodi ya kichwa, Gandhi aliunda kikosi cha kubeba majeruhi upande wa Waingereza, ingawa ilitokea kwamba wengi aliowauguza ni Wazulu waliopigwa mijeledi. Alikaa Phoenix miaka mingi akiwa jirani wa shule ya Ohlange ya John Dube, rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC, na hakuna harakati ya pamoja iliyozaliwa kutokana na ujirani huo. Wanahistoria Ashwin Desai na Goolam Vahed wameyakusanya haya katika kitabu kizima, na kuyajibu kwa kusema kwamba alikuwa kijana si kuyajibu. Mwaka 1906 alikuwa na miaka 36.

Ni kweli pia kwamba alibadilika. Mwaka 1908, akizungumza mjini Johannesburg, alieleza matumaini ya nchi ambamo watu wa rangi zote wangechanganyika. Na mwaka 1936 alimwambia mgeni wake kutoka Marekani, mwanatheolojia Howard Thurman, kwamba huenda ni watu weusi watakaoufikisha ulimwenguni ujumbe wa kutodhuru ukiwa safi. Mabadiliko hayo hayafuti ya kwanza. Mlango wa tatu ulijengwa, watu wakaupita.

Lakini waliosoma Legon na waliosimama Accra mwaka 1950 hawakuwa wanafanya jambo moja. Sanamu humtaka mpita njia amheshimu mtu. Nkrumah, Luthuli na Kaunda hawakuhitaji kumheshimu mtu mzima. Walichukua njia aliyoigundua, wakaiwekea majina yao, wakaitumia kwa ajili ya watu ambao mgunduzi mwenyewe aliwahi kuwadharau. Hakuna malipo makubwa kuliko hayo, wala hukumu kali kuliko hiyo. Afrika ya Mashariki nayo ina kumbukumbu yake: Chuo Kikuu cha Nairobi kimekua kutokana na chuo ambacho ndani yake iliunganishwa taasisi ya kumbukumbu ya Gandhi, iliyojengwa kwa michango ya Waasia wa eneo hili katika miaka ya 1950. Wanafunzi hupita mbele ya jengo lenye jina lake kwenda darasani. Ingefaa waandikiwe, kwa Kiswahili, yote mawili: safari ya Dandi na posta ya Durban.

Neno gani?

Linabaki suala la istilahi. Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina haja ya neno kwa jambo lililotendeka India. Jibu ni kwamba jambo hilo limetendeka huku pia. Mwaka 1945 Wapare kwa maelfu waliteremka milimani, wakakusanyika Same, makao ya wilaya, kuikataa kodi ya mbiru iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu. Walikaa, wakangoja kusikilizwa, hawakuteketeza kitu, na hatimaye kodi hiyo iliondolewa. Isaria Kimambo aliandika historia yake mwaka 1971. Mwaka 1958 umati wa watu wa Geita ulitembea hadi Mwanza kupinga halmashauri ya mseto waliyolazimishwa, mwaka huo huo na mji huo huo wa azimio la PAFMECA. Matukio haya huitwa maandamano au machafuko, kutegemea anayesimulia, na kwa kuwa hayana jina lao, hayahesabiwi kuwa ya aina moja.

Neno moja la zamani lingeweza kufaa. Abdul Ghaffar Khan, Mpashtuni aliyeanzisha jeshi lisilo na silaha la Khudai Khidmatgar mwaka 1929, hakuwaeleza wafuasi wake Waislamu njia hii kwa Kisanskriti. Aliwaambia kwamba silaha yao ni ile ya Mtume, yaani subira. Wafuasi hao, na watu wa Peshawar pamoja nao, ndio waliosimama mbele ya bunduki tarehe 23 Aprili 1930, hata baadhi ya askari wa kikosi cha Garhwal wakakataa kuwafyatulia risasi. Mswahili wa pwani analijua neno hilo. Katika Utenzi wa Ayubu, subira ni kustahimili mateso bila kuiacha imani. Si kukaa kwenye benchi. Bahati mbaya kitenzi chake kimelegea. Kusubiri siku hizi ni kungoja basi, na vigumu kukirudisha kitenzi kutoka kituoni.

Ushikakweli, kama tafsiri ya sehemu kwa sehemu, ni sahihi lakini linasikika kama neno la kamati. Lililo bora ni kukopa, kama lugha hii ilivyokopa gari, laki na bima kutoka lugha za India bila kuona haya. Satiagraha, kwa matamshi ya Kiswahili, lingeingia ngeli ya siasa na harakati: satiagraha ya Same ya 1945, satiagraha za miaka ya hamsini. Mtendaji wake angeitwa mwanasatiagraha, kwa kufuata mwanasiasa na mwanaharakati. Maana yake katika kamusi isianze kwa bila wala kwa kuto-. Ianze kwa kitenzi, na kitenzi chenyewe kiwe kushikilia.